ELVIS PRESLEY NA VIDONGE VYA CHETI

Ukimuuliza kijana wa leo Elvis Presley alikufa na nini, atakwambia madawa. Ukimuuliza mzee aliyekuwa shabiki wake atakwambia moyo, na ukimbishia anaweza kukununia wiki nzima. Mjomba wangu ni wa kundi hilo la pili. Enzi zake alikuwa anachana nywele kurudisha nyuma kwa mafuta, na mpaka leo hataki kusikia mtu akimweka Elvis kapu moja na mateja. Mimi nimekuwa nasoma habari za huyu jamaa kwa muda sasa, na naona ubishi wenyewe umewekwa vibaya. Moyo wake ulikuwa mgonjwa kweli. Na vidonge vilikuwepo kweli, tena vingi ile mbaya, na vingi kati yake vilitoka kwa daktari, vimeandikiwa cheti, vimetolewa famasi kwa utaratibu wote.

Nianze mwanzo kidogo kwa wale wasiomjua. Elvis alizaliwa tarehe 8 Januari 1935 huko Tupelo, jimbo la Mississippi, Marekani. Walizaliwa mapacha, mwenzake akazaliwa amekufa. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, wazazi maskini kabisa, baba alishawahi hata kufungwa kwa kughushi hundi. Mwaka 1948 wakahamia Memphis. Alipomaliza sekondari akawa anaendesha lori la kampuni ya umeme, na mwaka 1954 akarekodi kwenye studio ndogo ya Sun. Mwishoni mwa 1955 kampuni kubwa ya RCA ikanunua mkataba wake kwa dola 35,000, hela ndefu sana kwa wakati ule, na 1956 ilipofika dunia nzima ikawa inamjua. Mwaka 1957 akanunua jumba la Graceland pale Memphis akawaweka wazazi wake. Alikuwa na miaka 22.

Hiyo sehemu ya umaarufu wengi mnaijua, siendi mbali nayo. Mimi nataka kufuata vidonge.

Mwaka 1958 aliitwa jeshini. Agosti mwaka huo huo mama yake, Gladys, akafariki, na kila aliyeandika maisha ya Elvis anasema lile pigo halikupona. Mwezi uliofuata akapelekwa Ujerumani. Huko, wanaeleza waandishi wa maisha yake, ndiko alikozoea vidonge vya kukesha, vile vya jamii ya amfetamini, ambavyo askari walikuwa wanameza ili wasisinzie kwenye zamu na mazoezi ya usiku. Kwa wakati ule haikuwa kashfa. Vilikuwa vinatumika pia kwa kupunguza mwili, vinauzwa famasi. Sasa fikiria mwenyewe, ukimeza cha kukesha, usingizi utautoa wapi? Unatafuta cha kulalia. Ukilala na cha kulalia, asubuhi kichwa kizito, unahitaji cha kuamkia. Aliporudi Marekani mwaka 1960 na kuanza kucheza filamu mfululizo miaka ile yote, mzunguko huo akawa nao.

Hapa Kiswahili chetu nacho kina mtego. Dawa ni kitu cha kuponya. Ongeza ma- mbele, iwe madawa, basi mtu anafikiria unga na vijana wa vijiweni. (Najua walimu wa Kiswahili wanasema sahihi ni dawa za kulevya, lakini mtaani tunasema madawa, tusidanganyane.) Elvis hakujua Kiswahili, lakini kichwani mwake alikuwa na mpaka huo huo. Upande mmoja kuna wahuni wanaojichoma heroini, upande mwingine kuna yeye na vidonge vyake vya hospitali. Alikuwa na kile kitabu kikubwa cha madaktari kinachoorodhesha dawa zote na madhara yake, anakisoma kama mtu anavyosoma gazeti. Anazijua dawa kwa rangi na kwa majina. Na aliamini kabisa kwamba mtu anayejua anachomeza si mlevi.

Ushahidi wa hilo ni mkasa ambao ukisimuliwa unaonekana kama kichekesho. Desemba 1970 alipanda ndege kwenda Washington na humo humo kwenye ndege akaandika barua kwa mkono kwa Rais Richard Nixon, akiomba apewe kazi ya kusaidia vita dhidi ya madawa ya kulevya. Alichokuwa anakitaka hasa ni beji ya idara ya serikali ya kupambana na madawa. Tarehe 21 akaipeleka barua mwenyewe mpaka lango la Ikulu, na siku hiyo hiyo akapokelewa. Akapata na beji! Ile picha ya wawili hao wakipeana mikono ni moja ya picha zinazoombwa sana kuliko zote kwenye Nyaraka za Taifa za Marekani. Watu wanaicheka kwa sababu mwenye beji alikuwa anatumia vidonge mwenyewe. Mimi sioni unafiki pale. Naona mtu aliyeamini kweli kwamba habari hiyo haimhusu.

Kuanzia 1969 alikuwa amerudi jukwaani, Las Vegas na mikoani, na kazi ilikuwa nzito. Kwa mwaka 1973 peke yake alifanya maonyesho zaidi ya 160. Mwaka huo alianza kwa lile onyesho la Hawaii la Januari lililorushwa kwa setilaiti, na akaumaliza vibaya. Mapema Oktoba ndoa yake na Priscilla ilivunjwa rasmi mahakamani. Siku chache baadaye akaingizwa hospitali kubwa ya Baptist pale Memphis akiwa nusu hajitambui. Madaktari wakagundua kwamba mwili wake umezoea pethidini. Pethidini wengi mnaijua, ni sindano kali ya maumivu, hata hospitali zetu wameitumia miaka mingi kwa waliotoka kupasuliwa na kwa akina mama wanaojifungua. Yeye alikuwa anadungwa na mtu mmoja huko California aliyekuwa anamfanyia matibabu ya sindano za Kichina. Wakamsafisha mwili, akatoka. Lakini hakukaa sawa.

Daktari wake wa Memphis alikuwa George Nichopoulos, maarufu kama Dk. Nick. Huyu ndiye mashabiki wengi wanamchukia, na mimi nilianza kusoma nikiwa upande wao. Lakini mambo yake si mepesi. Alikuwa anagombana na Elvis kuhusu vidonge, wakati mwingine alikuwa anamwekea vidonge bandia visivyo na dawa ndani. Hoja yake ilikuwa kwamba akimnyima kabisa, jamaa atapanda ndege kwenda Las Vegas au California na kurudi na mkoba kutoka kwa daktari mwingine, na kweli alikuwa anafanya hivyo. Kwa hiyo Dk. Nick akaona bora azisimamie mwenyewe. Dawa za usiku zilikuwa zinafungwa kwenye vifurushi, anapewa kimoja, baadaye kingine, baadaye cha tatu mpaka apate usingizi. Tatizo ni kwamba kila daktari alikuwa na karatasi yake. Huyu ameandika ya presha, huyu ya usingizi, huyu ya tumbo, daktari wa meno naye ya jino. Ukichukua kila karatasi peke yake unaweza kusema hii mbona inaeleweka.

Usiku wa mwisho wenyewe unajulikana vizuri. Tarehe 15 Agosti 1977, kwenye saa nne na nusu usiku, alikwenda kwa daktari wa meno. Alfajiri akacheza mchezo wa mpira wa ukutani pale nyumbani, akapiga piano kidogo. Jioni ya tarehe 16 alikuwa aruke kwenda Portland, jimbo la Maine, kuanza ziara nyingine. Alipokea vifurushi vyake vya usiku, cha tatu kikaja asubuhi, maana usingizi ulikuwa unagoma. Akachukua kitabu akaingia bafuni kusoma. Mchana kwenye saa nane mchumba wake ndiye aliyemkuta sakafuni. Saa tisa na nusu hospitali ikatangaza kwamba amekufa. Miaka 42.

Jioni ile ile mkaguzi wa vifo wa serkali, Dk. Jerry Francisco, akawaambia waandishi wa habari kwamba ni mapigo ya moyo yaliyovurugika. Majibu ya maabara yalikuwa bado hata hayajarudi! Yalipokuja, yakaonyesha dawa zaidi ya kumi ndani ya mwili mmoja. Kodeini ilikuwa mara kumi hivi ya kiwango cha kawaida cha tiba. Kulikuwa na morfini, diazepamu (ile Valium), methakwaloni nyingi, dawa za usingizi za jamii ya babichureti, na amitriptilini pamoja na nortriptilini, ambazo ni dawa za sonona. Madaktari wa hospitali waliompasua wakasema ni mchanganyiko wa dawa. Francisco akashikilia moyo. Mwaka 1994 jimbo la Tennessee likamleta mtaalamu mwingine kutoka nje apitie upya, naye akasema moyo. Hapo ndipo mjomba anapopatia nguvu za kubishana.

Naomba nieleze kwa nini mimi naona pande zote mbili zinazungumzia kitu kimoja. Mi si daktari, nilimaliza sekondari basi, ila haya nimeyasoma na kuyarudia, na mfamasia mmoja amenisaidia kuyaelewa.

Chukua kodeini. Ni dawa ya maumivu, na kazi yake kubwa inafanyika baada ya ini kugeuza sehemu yake kuwa morfini. Ndiyo maana maabara ilikuta morfini bila ya lazima awe amedungwa morfini. Ini za watu hazifanani. Kuna watu ini lao linageuza kwa kasi ya ajabu, kidonge kile kile kwao kinakuwa kikali mara kadhaa, na Ethiopia, hapa hapa jirani, watu wa namna hiyo ni wengi kuliko sehemu nyingi za dunia. Morfini inatuliza maumivu lakini pia inaiambia sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi ipunguze mwendo. Diazepamu nayo inapunguza. Babichureti zinapunguza. Methakwaloni inapunguza. Kila moja inasukuma mlango ule ule. Marekani mamlaka ya dawa ililazimisha mwaka 2016 liwekwe onyo kali kuliko yote kwenye makasha ya dawa za jamii ya morfini na za jamii ya Valium, kwamba zikitumika pamoja mtu anaweza kuacha kupumua. Elvis alikufa miaka 39 kabla ya onyo hilo.

Methakwaloni wengine mnaishangaa jina, lakini mnaifahamu. Ndiyo iliyomo kwenye Mandrax, ile iliyokuwa inapita pwani yetu kutoka India kwenda Afrika Kusini. Marekani ilikuwa inaitwa Quaalude, ilianza kama kidonge cha usingizi cha kuandikiwa na daktari, vijana wakaigundua kwenye madisko, na mwaka 1984 ikapigwa marufuku kabisa. Yaani ule mpaka wa dawa na madawa aliouamini Elvis ulikuwa unapita katikati ya kidonge kimoja.

Halafu amitriptilini. Hii ipo sana hapa kwetu, wanapewa wenye sonona, wenye maumivu ya mishipa ya fahamu, na wengine kwa kiwango kidogo wapate usingizi. Ni dawa nzuri kwa anayeihitaji, wala asisome mtu hapa akakimbia kuitupa, maana kuacha dawa ya sonona ghafla nako kuna matatizo yake. Lakini amitriptilini ina tabia mbili ambazo lazima zijulikane. Ya kwanza, ikizidi inavuruga umeme wa moyo. Ya pili, inafungisha choo. Kodeini pia inafungisha choo. Tumbo la Elvis lilikuwa mateso kwake kwa miaka, utumbo mpana umetanuka, anapewa na dawa za kuharisha juu yake. Na moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko kawaida, una presha. Sasa mpe mtu wa namna hiyo dawa inayogusa umeme wa moyo, pamoja na dawa zinazopunguza pumzi ili damu ikose hewa, halafu uniambie moyo uliposimama ulisimama wenyewe au ulisimamishwa. Mimi sioni ugomvi uko wapi.

Kuna na mchanganyiko mwingine ambao hausubiri miaka. Mwaka 1984, New York, msichana wa miaka 18 mwanafunzi wa chuo alipelekwa hospitali ana homa na anatetemeka. Alikuwa anatumia finelzini, dawa ya sonona ya kizamani. Wakampa pethidini. Homa ikapanda mpaka zaidi ya nyuzi 41, akafa asubuhi. Mahakamani yakaibuka pia mabishano kama alikuwa ametumia kokeini. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari, akapigana mpaka New York ikatunga kanuni mwaka 1989 kwamba daktari mwanafunzi asifanye kazi zaidi ya saa 80 kwa wiki, maana waliompokea binti walikuwa wamechoka. Kilichotokea ni kwamba dawa ile ya sonona na pethidini zote zinapandisha serotonini, kemikali moja ya ubongo. Ikizidi mno mtu anatoka jasho, anatetemeka, misuli inakaza, moyo unakimbia, joto linapanda, anachanganyikiwa. Ukiona dalili hizo kwa anayetumia dawa ya sonona na amemeza kitu kingine, ni hospitali moja kwa moja, na wapelekee madaktari makasha yote.

Pethidini huwezi kuinunua dirishani, lakini tramadoli je? Nayo inapandisha serotonini. Nayo ni ya maumivu. Mtaani kwetu kuna duka moja la dawa ambalo ukimwambia muuzaji mgongo unauma anakukatia bila ya kuuliza cheti, wala hakuulizi unatumia nini kingine. Waendesha bodaboda wanaimeza ili wapige kazi usiku, wengine ili wastarehe tu. Mtu akiwa kwenye amitriptilini akaongeza tramadoli, hatari ya kupata degedege inaongezeka hata kama hajawahi kuanguka maishani. Akiwa kwenye fluoksetini ndiyo kabisa inachekesha na kusikitisha, kwa sababu fluoksetini inalizuia ini kuigeuza tramadoli kuwa ile hali inayoua maumivu vizuri. Kwa hiyo mgongo unaendelea kuuma, jamaa anaongeza kidonge cha pili na cha tatu, huku serotonini inajaa chini kwa chini. Kokeini na vidonge vya ekstasi navyo vinaongeza kwenye ndoo hiyo hiyo. Na anayechanganya na pombe au unga anarudi kwenye ile habari ya pumzi. Mtu aliyemeza mchanganyiko wa hivyo akalala anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo imebadilika rangi, haamki ukimtikisa, huyo hajalala. Msimwache eti atazinduka asubuhi.

Nimalizie na Dk. Nick. Mwaka 1979 televisheni ya ABC ilirusha kipindi kuhusu kifo cha Elvis na mambo yakalipuka. Bodi ya madaktari ya Tennessee ikamwita Januari 1980. Ndipo karatasi zote za famasi zikawekwa meza moja kwa mara ya kwanza, zikajumlishwa. Kwa miezi ile minane tu ya 1977 alikuwa amemwandikia Elvis dozi zaidi ya 10,000. Gawanya mwenyewe, ni zaidi ya 40 kwa siku. Alijitetea kwamba nyingine zilikuwa za msafara mzima wa ziara, watu wengi. Wakamfungia leseni miezi mitatu. Mwaka 1981 akashtakiwa kwa jinai, wazee wa baraza wakamwachia huru, wakaamini alikuwa anajaribu kusaidia. Mwaka 1995 bodi ikamnyang'anya leseni moja kwa moja kwa sababu ya kuwaandikia wagonjwa dawa kupita kiasi. Alifariki 2016 akiwa bado anasema alifanya alichoweza.

Elvis aliacha mtoto mmoja tu, Lisa Marie, ambaye baba alipokufa alikuwa na miaka tisa na alikuwemo humo ndani Graceland. Mwaka 2019 aliandika dibaji ya kitabu kuhusu dawa za maumivu nchini Marekani, akaeleza kwamba na yeye alinasa baada ya kujifungua mapacha mwaka 2008, alipoandikiwa na daktari dawa za maumivu za muda mfupi. Alifariki Januari 2023, akazikwa pale pale Graceland.

Mjomba nimemsomea haya yote kabla ya kuyaweka hapa. Amesikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bado ni moyo. Wafamasia na madaktari mnaopita humu, kama kuna la kuongeza kwenye habari ya amitriptilini na tramadoli, uwanja wa maoni hapo chini ni wenu.